Kiwanja Kilicho Chini ya Njia ya Ndege

Alhamisi, tarehe kumi na moja Julai, saa moja na robo asubuhi, ndege aliyoiendesha dada yenu iligonga mikaratusi ya jirani yetu kule kilimani, na tangu saa ile mimi mama yenu sijawa mzima. Sikilizeni wanangu. Nasema polepole kwa sababu pumzi ni chache.

Marehemu alizoea kunicheka nikishuka ngazi gizani. "Mama, unapapasa kwa mguu kama unatafuta kiatu." Ndipo akanieleza kazi yake. Uwanjani kuna mtambo unaotuma mawimbi ya redio kimshazari. Ndege ikiyashika, rubani huona kwenye kioo mbele yake kama yuko juu mno au chini mno, akateremka mteremko mmoja hadi kwenye lami, hata kama nje haoni kitu. Asubuhi ile mtambo ulizimwa kwa matengenezo. Akashuka kwa hatua, kama mimi kwenye ngazi: fika hapa, tulia, shuka tena. Ukungu ulikuwa mzito. Akashuka kidogo kupita kipimo, kidogo ambacho kingesameheka, lakini pale palipotakiwa kuwa na hewa tupu palikuwa na miti.

Jirani alikuwa ameambiwa mapema aipunguze miti ile, akasema mwakani. Msibani akanishika mkono: "Dada, ajali haina kinga." Leo nasema, ile ilikuwa na kinga, nayo ni shoka lililoegemea mlango wake. Nimemsamehe. Watoto wake wakija, msiwafungie mlango.

Nyumba hii na cherehani yangu ni vya binti yangu mdogo, aliyeniogesha miezi yote hii. Kiwanja cha ng'ambo ya barabara ni chenu wote wawili. Lakini wewe, kifungua mimba wangu, umeshamwaga mchanga na nondo za ghorofa nne, na ndege zinapita juu yake zikienda kutua. Unaniambia, "Mama, mtambo wa sasa ni mpya, na kibali ninacho." Baba, mtambo mpya nao huzimwa, na kibali hakipunguzi urefu wa ukuta. Jenga vyumba vya chini, hata kumi, usipande juu. Mama hapaswi kumsihi mwanawe, lakini nakusihi. Yuko mtoto wa mama mwenzangu angani kila asubuhi ya ukungu.

Nipe mkono. Sema ndiyo, nisikie. Unalia tu. Kulia si jibu, baba.

Basi mjomba wenu aliyeketi hapa ni shahidi. Huyu kifungua mimba wangu akipandisha ghorofa, fungu lake liwe la mdogo wake, naye aibomoe.

Niinueni kidogo. Maji. Nawabariki wote wawili, hata wewe usiyeahidi. Mpendane. Mnizike kando ya dada yenu, msichelewe.

Ee Mola, mrehemu binti yangu. Mwondolee hofu ya dakika ile. Mpokee, yeye na wote aliowabeba... wote, Mola wangu. Amina.