Sabuni Kwenye Breki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye sauti kubwa, asifiwe na sisi ambao tukisimama mbele ya watu koo linakauka. Haya maneno anawasomea Dada Neema, katibu wetu wa vijana. Mimi nimekaa nyuma karibu na mlango. Naomba msigeuke kunitazama.

Mliniambia nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoniokoa kwenye ajali ya gari la Baba. Nimeandika mara tatu na kuchana mara tatu. Kila nikifika kwenye neno "ajali" mkono unakataa, kwa sababu ajali ni kitu ambacho mtu hakukijua. Mimi nilikuwa nakijua. Kwa hiyo nitashuhudia nilichookolewa nacho kweli, na kama hakitawapendeza, mnisamehe.

Gari la Baba wengi wenu mmelipanda. Mnajua mlango wa nyuma haufunguki mpaka utoe mkono dirishani ukaufungue kwa nje. Mnajua ukikaa kulia spring ya kiti inakuchoma. Hapa mtaani kwetu Cheyo watoto wanaliita mkweche, lakini ninyi mlikuwa mnaliita gari la Bwana, kwa sababu lilipeleka wagonjwa hospitali, lilibeba vyombo vya kwaya, lilibeba hata bibi harusi. Baba ni mzee wa kanisa, na siku za kazi alilitumia kufuata asali Urambo na kuja kuiuza hapa mjini. Gari hilo ndilo lililotulisha, sikatai.

Ila gari la Bwana tulikuwa tunalisukuma mimi na Mama! Kila asubuhi, Baba ameshika usukani, sisi tuko nyuma kwenye mchanga, mimi na sare ya shule, Mama na khanga yake. Vijana wa pale kibandani kwenye chapati walikuwa wanatusubiri.

"Mama Eliza, hilo gari au ng'ombe mgonjwa?"

"Mpeni uji kwanza!"

Mama alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Likiwaka Baba hasimami, maana akisimama litazima, basi tunakimbia na kurukia ndani huku linatembea. Nikilalamika Baba anasema, "Zamani watu walitoka hapa Tabora mpaka pwani kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani. Wewe unasukuma hatua ishirini unanuna?" Halafu anapiga dashibodi kwa kiganja kama mtu anayembembeleza punda: "Gari ni kulijulia tu."

Na kweli alilijulia. Alijua ipi ni kelele ya kawaida na ipi si ya kawaida. Shida ni kwamba kila kisicho cha kawaida, baada ya wiki moja kilikuwa cha kawaida.

Mvua zilipoanza, pedeli ya breki ikaanza kuzama. Tulikwenda kwa Fundi Hamisi, gereji yake iko nyuma ya soko. Aliingia chini, akatoka na vidole vimelowa. Akasema bomba limeoza na pampu ya breki imekwisha, na kipuri mpaka kiagizwe Dar. "Mzee wangu, liache hapa. Kutembea kwa miguu si aibu."

Baba akasema atafikiria. Tukaondoka na gari. Njiani akaniambia, "Yule hasali kwetu. Hajui gari hili limeombewa mara ngapi." Mimi nikaitikia "Ndiyo, Baba," kwa sababu ndivyo ninavyoitikia kila kitu.

Kuna dereva mwenzake akamfundisha dawa. Mafuta ya breki yakivuja kila siku ni hasara, basi unachanganya maji na sabuni ya unga, unamimina kwenye kile kikopo chini ya boneti. Sabuni inateleza kama mafuta, pedeli inapanda, safari inaendelea. Kazi hiyo Baba akanipa mimi. Asubuhi, Mama akiwa jikoni anakoroga uji, mimi nachanganya kwenye chupa. "Usitikise sana, povu likizidi halishuki," Baba ananielekeza. "Na Mama yako asijue. Ataogopa bure."

Ndugu zangu, niseme ukweli wote. Nilifurahi! Baba si mtu wa kuongea na mimi. Naweza kukaa naye wiki nzima tukaishia shikamoo na marahaba. Sasa tulikuwa na siri ya watu wawili, na akiniita "fundi wangu" nilitembea mpaka shule bila kuhisi mchanga kwenye viatu. Nina daftari ninaloandika mambo yangu, na humo nimeandika: leo nimejaza. Mwanzoni ni mara moja kwa wiki. Halafu kila baada ya siku mbili. Halafu kila siku. Niliona, nikaandika, nikafunika daftari. Hata darasani mwalimu akikosea hesabu ubaoni nanyamaza. Ningemwambiaje Baba?

Jumamosi ile tulikwenda Urambo wote watatu, maana Mama alitaka kumwona dada yake. Wakati wa kurudi gari lilikuwa limejaa madumu ya asali, mimi nyuma nimepakata moja, Mama mbele. Jua lilikuwa kali. Ng'ombe wakakatisha barabara. Nikaona mguu wa Baba unakanyaga, unakanyaga, unakanyaga. Hakuna kitu. Maji ya sabuni yalishachemka kule ndani yakawa mvuke, na mvuke haukamati breki. Baba akakata kona kuwakwepa ng'ombe, tukaingia mtaroni, tukagonga mti.

Mama alikuwa ametanguliza mkono wa kulia.

Dumu langu likapasuka. Nililowa asali kutoka kifuani mpaka miguuni, na nzi walifika kabla ya watu. Wachungaji wa ng'ombe wakamtoa Mama kupitia dirishani, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Baba alikuja kunitoa mimi. Nikadhani ataniuliza kama nimeumia. Akainama sikioni, akasema, "Ya chupa tuyaache hapa hapa."

Mama yangu ni msusi. Nusu ya kina mama wanaosikiliza sasa hivi alikuwa anawasuka yeye. Hospitali walimfunga mkono, wakaufungua, mfupa umeungana, lakini vidole vitatu havikunjiki. Hawezi kushika hata chanuo. Watu wakija kusuka anawaambia, "Mikono imepata likizo," wanacheka, wanakwenda kwa mwingine.

Na Jumapili iliyofuata, mnakumbuka? Baba alisimama hapo mbele. Alisema shetani alishika breki zake. Mkapaza sauti, "Ameshindwa!" Nami nilikuwa kwenye kwaya, nikaimba nanyi haleluya. Mkachanga bodi ikanyooshwa. Mkaja nyumbani mkalipaka gari mafuta ya upako kwenye boneti. Chini ya boneti hiyo hiyo bomba lilikuwa lile lile lililooza. Siwalaumu, hamkujua. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema tulifungue tuangalie! Mlimuuliza shetani maswali yote, fundi hamkumuuliza hata moja.

Kesho yake baada ya upako huo, asubuhi, Baba akanipa chupa. "Jaza, fundi wangu."

Nikajaza. Ndugu zangu, nikajaza tena! Mama yupo ndani amefungwa mkono, mimi najaza. Hapo ndipo nilipokuwa nimefungwa mimi. Si na mapepo. Nilifungwa na "ndiyo, Baba."

Ikafika siku ya safari ya Ziba, kwenye mkutano wa injili. Watoto wa kwaya wangepanda gari letu na wakubwa wangekwenda na basi. Asubuhi wakaja watoto saba na sare zao nyeupe, wengine wakaingizwa mpaka kwenye buti. Mama alikuwa mlangoni anawaaga. Kijana wa chapati akapiga kelele, "Leo mmepata wasukumaji wapya!" Watu wakacheka. Baba akaniambia kwa sauti ya chini nimalizie kujaza.

Nikaenda kwenye boneti na chupa. Mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ameegemeza kiganja kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, pale pale Mama alipotanguliza wa kwake. Nilisimama. Sikuomba ombi lolote refu. Nilisema moyoni, "Bwana, mimi siwezi." Ni hilo tu. Halafu mkono wangu ukaigeuza chupa, ukamwaga chini. Povu likatapakaa kwenye mchanga, watu wote wakaliona.

"Unafanya nini wewe?" Baba akauliza.

Nikasema, "Baba, hii ni sabuni." Sauti ilikuwa ndogo. Dada Neema, aliyekuwa amewaleta watoto, akaniambia, "Rudia, mpenzi." Nikarudia, na safari hii nililia kwa nguvu mpaka majirani wakatoka. "Ni sabuni! Breki zina sabuni! Hata siku ya Mama zilikuwa na sabuni, na niliyejaza ni mimi!"

Hakuna aliyesema haleluya.

Mtu mmoja akamwita Fundi Hamisi. Alikanyaga pedeli, ikaenda mpaka sakafuni. Akachovya kidole kwenye kikopo, akanusa, akamtazama Baba. "Mzee wangu, hapa tunaendesha au tunafua?" Halafu akawashusha watoto mmoja mmoja, kwa kuwashika kwapani, mpaka wa mwisho. Mungu alipotaka kutuokoa alimtuma mtu ambaye kwenye ibada zetu hatumuombei hata siku moja.

Ndugu zangu, msidhani baada ya hapo ilikuwa furaha. Baba hakunisemesha. Ninyi wengine mlinong'ona hapo nje kwamba mtoto amemwaibisha baba yake, tena mzee wa kanisa, si angemwambia pembeni? Nilisikia. Wenye aibu tunasikia sana. Na Mama, ambaye nilidhani atanikumbatia, alipita siku nyingi bila kunitazama usoni. Siku moja nafua nguo, akaja akasimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mvua zianze, Mama."

Akasema, "Mimi nilikuwa nakaa kiti cha mbele, Eliza." Akaingia ndani.

Hiyo nimeiandika kwenye daftari na sijaweza kuandika kitu chini yake.

Vipuri vilikuja kutoka Dar baada ya majuma mengi. Baba akasimama mlangoni kwangu akasema fundi anahitaji mtu wa kukanyaga. Mkibadilisha breki lazima mtoe upepo: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine yuko gurudumuni anafungua njia. Lazima wasemezane, la sivyo upepo unarudi. Fundi Hamisi alimwelekeza Baba afanye mwenyewe. Baba akalala chini kwenye grisi, spana mkononi, na mimi nikakaa kiti cha dereva.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nikasikia kitu kinatoka chini, kinapiga chafya. "Achia."

Mwanzoni lilitoka povu. Fundi alikuwa anahesabu magurudumu kwa kidole na kutikisa kichwa. Povu, povu, maji ya kijivu, halafu mafuta masafi. Tulikwenda hivyo magurudumu yote manne, na hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na Baba. Mwisho mguu wangu ukakutana na kitu kigumu. Sijawahi kushika kitu cha kuaminika namna ile.

"Imegota?" Baba akauliza kutoka chini.

"Imegota, Baba."

Hakuinuka. Alibaki amelala pale chini, sikuona uso wake, viatu tu. Fundi Hamisi akaenda kunawa mikono mbali kidogo, akachelewa makusudi.

Karatasi hii nilimpa Baba aisome kabla ya kumpa Dada Neema. Aliisoma kwenye jua, akaniuliza kama nimeandika jina lake. Nikasema hapana, nimeandika Baba tu. Akasema, "Wote wananijua," akanirudishia. Hajanisamehe, nadhani. Mimi pia sijamaliza kumsamehe, na siwezi kudanganya madhabahuni. Mama bado hapandi gari. Leo amekuja kwa miguu, na sisi tumekuja naye kwa miguu, Baba akiwa mbele peke yake.

Lakini namshukuru Mungu! Namshukuru kwa wale watoto saba, wako hapo mbele, wahesabuni. Namshukuru kwa Fundi Hamisi, ambaye yuko gereji sasa hivi na hajui kama anatajwa. Namshukuru kwa kuwa alinifungua mdomo nilipomwambia siwezi, ijapokuwa alichelewa mkono mmoja, na hilo nitamuuliza siku nikimwona.

Na wewe unayejua jambo nyumbani kwako, unaitikia "ndiyo" kila asubuhi na roho inakusuta, mtegemee Bwana. Hatakupa sauti nzuri. Atakupa sauti, inatosha. Na ninyi wenye magari hapo nje, ibada ikiisha, kanyageni breki kwanza. Zikigota ndipo mfumbe macho muombe, nami nitasema amina.