Kipa Anatakiwa Alale

Saa nne asubuhi Kipa alikuwa amelala chali, macho makavu kama kokoto. Usiku kucha alikuwa analinda ghala la saruji. Saa kumi jioni ana fainali. Katikati hapo alihitaji usingizi, na kati yake na usingizi palikuwa na ukuta, dirisha lisilofungika vizuri, na benchi. Chumba hiki alikihamia wiki mbili zilizopita. Mlango wake unafungukia uani, jirani na bomba. Dirisha linatazama barabarani, na chini yake hukaa kamati nzima ya timu: Mwalimu mstaafu, Kinyozi na Fundi Redio. Leo, birika la kahawa likiwa limejaa, walikuwa wanaamua kama Kipa acheze au glavu apewe mpwa wa muuza nyama.

– Mechi mbili, mabao saba, alisema Kinyozi. – La mwisho lilimpita miguuni, ndipo akageuka kama mtu aliyeitwa na shangazi yake.

– Hajalala huyo, alisema Mwalimu. – Asiyelala, jicho linaona mpira, ila mkono unachelewa kupata habari. Hata misuli hujitengeneza mtu akiwa usingizini.

Kipa aliafiki kimoyomoyo. Alitamani kusema: wazee wangu, niacheni basi nijitengeneze. Lakini akitoa neno watajua yu macho, na glavu zitakwenda kwa mpwa wa muuza nyama. Akajifunika shuka gubigubi, akakoroma kidogo kwa usalama.

– Kulala analala, alibisha Fundi. – Tatizo analala mchana. Betri ukiichaji juani inavimba.

– Binadamu si betri, Fundi.

– Nimefungua redio miaka thelathini, Mwalimu. Sijaona tofauti.

– Na binadamu umefungua wangapi?

Wakacheka mpaka benchi likagonga ukuta, na kitanda cha Kipa kikaitikia.

– Ni nywele, alisema Kinyozi. – Kichwa kikipata joto, usingizi unakosa pa kutua. Nipeni kichwa chake nusu saa tu.

– Wewe hata aliyevunjika mguu utamnyoa.

– Na wangapi wamepona!

– Alale golini, alisema Fundi. – Siku tatu, mwili uzoee milingoti. Mpira ukija, mwili unajua mwizi kaingia chumbani.

– Fainali ni leo, bwana.

– Kama ni leo, basi kipa wao naye asilale! Na yeye ni mlinzi wa usiku, kwake nakujua. Spika hii nimeitengeneza jana. Naenda kuiweka chini ya dirisha lake.

– Inatoa sauti?

– Inatoa? Sikiliza!

Spika ikanguruma. Vikombe vikatembea juu ya benchi. Ndani, Kipa alifunua shuka achungulie, vumbi la dari likamdondokea kinywani. Akauma mto asikohoe.

– Kuna mtu atalala hapo? aliuliza Fundi kwa fahari.

– Hakuna, alikiri Kinyozi.

Muuguzi mmoja, mgeni pale kijiweni, alikuwa amesimama kunywa kahawa kabla ya kuingia kazini. Akarudisha kikombe.

– Samahani, baba zangu. Huyo kipa wenu anaishi wapi?

– Hapa uani, alisema Kinyozi. – Chumba cha kwanza kutoka bombani.

– Na dirisha lake linatazama wapi?

Mwalimu akanyoosha kidole. Kwenye upenyo wa pazia, Kipa alikiona kidole cha Mwalimu kikielekea uani, kikaufuata ukuta taratibu, kikapinda kona, kikaja kusimama sawasawa na jicho lake. Akalifumba.

Akasikia benchi linanyanyuliwa. Akasikia watu wazima watatu wakitembea kwa ncha za vidole, na birika likinyamazishwa njiani kama mtoto msibani. Kisha hakusikia kitu. Usingizi ukaanza miguuni, ukapanda magotini, ukafika kifuani. Akajiona yuko golini, mpira unakuja, na mkono umeshapata habari mapema.

Mlango ukagongwa.

– Kipa! Ilikuwa sauti ya Kinyozi, laini ajabu. – Kipa, umelala?

– Gonga kwa nguvu, alinong'ona Fundi. – Hajasikia.

Ukagongwa tena.

– Nimelala, mzee wangu, alisema Kipa.

– Haya, alisema Mwalimu kule nje, kwa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo. – Mwandikeni. Anacheza.