Moshi wa Dirishani kwa Bi Nasriya

"Yahusu: Ombi la Kutekelezwa kwa Haki ya Binadamu ya Kuishi katika Mazingira Safi, Salama na Endelevu, Mintarafu ya Moshi Uingiao Dirishani." Kichwa hicho cha barua nilikiandika mimi, na kilinimalizia finjani tatu za kahawa. Baraza yetu hapa Sib, mji ulio kati ya jangwa na bahari, ni ya saruji, imeegemea ukuta wa nyumba ya Bi Nasriya. Siku ile baada ya alasiri tulikuwa watatu: mimi; Yaarub, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani; na Taimur, tunayemwita Rada, mstaafu wa uwanja wa ndege, alikokuwa akipakia mizigo. Bi Nasriya ana pumu. Wiki ile alipelekwa hospitali mara mbili, na kwa ajili ya moshi dirisha lake lilikuwa halijafunguliwa tangu Jumapili. Tukaapa kumtetea.

— Andika Umoja wa Mataifa umeshapitisha, akasema Wakili. Mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Mazingira safi ni haki ya kila mtu.

— Azimio lile, sheikh, si sheria, nikamwambia.

— Hata hodi si sheria, mbona unapiga?

— Haya, tumshitaki nani?

— Karakana ya matairi, akasema Rada.

— Imefungwa tangu Ramadhani, nikasema.

— Basi ndege! Zikipinda hapa juu zinatumwagia moshi. Mie ndege nnazijua.

— Unazijua tumboni tu, yakhe, akasema Wakili.

— Tumbo ndo lenye siri. Wahenga wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Inahusu nini hiyo?

— Mbele itahusu.

Rada akainuka kwenda kuchungulia gari yake, isije ikazimika. Sote huja na gari na hatuzizimi, kiyoyozi kisisite. Ukizima kwenye jua la Sib, ukirudi kiti kimekuwa chuma cha chapati. Rada anakaa nyumba ya nne kutoka hapa.

— Iko baridi, alhamdulillahi, akasema aliporudi. Nshafikiri. Ni upepo wa jangwani, unatuletea moshi wa watu.

— Upepo hauna bataka ya kitambulisho wala anwani, nikasema. Hati ya kuitwa shaurini tutaibandika wapi?

— Kwenye mtende.

— Afadhali bahari, akasema Wakili. Upepo unakwenda baharini, bahari inaurudisha. Huko ni kupokea mali ya wizi!

Nikaandika upepo mshitakiwa wa kwanza, bahari wa pili.

Hapo akatoka Kheiria, bintiye Bi Nasriya, mkononi ana dawa ya kuvuta ya mamake.

— Masalkheri, ami zangu.

— Masalkheri, binti yetu. Tunampigania mama. Tumeshafika Umoja wa Mataifa!

— Ahsanteni. Nna swali dogo tu. Zile gari tatu chini ya dirisha la mama zinaunguruma tangu alasiri, na ndani hamna mtu. Zinamsubiri nani?

Wakili akanitazama mimi, mwandishi. Rada akatafuta ndege angani.

— Swali hilo, Wakili akasema, halimo kwenye azimio.

Kheiria hakuondoka.

Tukazima gari zote tatu. Bi Nasriya akafungua dirisha. Magharibi tulirudi majumbani tumeshika usukani wa moto kwa mikono ya kanzu, na barua haikupelekwa.