Kisu Kaacha Nyama

Benchi letu limeegemea ukuta wa bucha, kwa hiyo ukikaa hapo unakunywa kahawa huku unasikia shoka likigonga gogo upande wa pili. Lilitengenezwa kwa mlango wa zamani, na bawaba zake bado zimening'inia pembeni, zimeshachana suruali za watu wengi. Kahawa inapikwa na Mama Birika, mjane asiyependa maneno mengi lakini anayasikia yote. Kamusi alikuwa mwalimu mpaka alipostaafu, na hakuna jambo duniani ambalo hana maelezo yake. Breki ni dereva wa lori, ila lori lenyewe liko gereji tangu enzi na enzi. Mimi natengeneza simu kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wameshazoea kuja kunitafuta benchini. Halafu kuna mwenye bucha, jitu la kilo mia na ushei, mpole kama mto wa kulalia. Huyo tunamwita Kisu, na habari hii ni yake.

Ilianza asubuhi alipokuwa anatundika paja la ng'ombe kwenye ndoano. Paja lilipanda, yeye akashuka. Tuliposikia kishindo tukakimbilia ndani, tukamkuta ameketi sakafuni, jasho linamtoka, mkono uko kifuani, na anamsihi mkewe asifunge duka. Tulimpeleka kliniki hivyo hivyo na aproni yake. Presha ilikuwa juu sana, sukari nayo ilikuwa inapanda, na mizani ikasoma namba ambayo alimwomba muuguzi asiitaje kwa sauti. Daktari akampa dawa za presha na kumwambia apunguze nyama, mafuta na chumvi. Hakumwambia aache. Alisema apunguze.

Kisu alirudi nyumbani na neno hilo, likamnyima usingizi. Alikuwa anajijua. Nyuma ya bucha kulikuwa na jiko la mkaa ambalo halikuzimwa kutwa, na kila mbavu iliyopita pale aliionja, kwa kisingizio kwamba mfanyabiashara lazima ajue anachouza. Kipande cha asubuhi kilimwita mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa na ndugu wengi. Mwishowe alimwambia mkewe kwamba kupunguza hakuwezi, ila kuacha labda. Na kama ni kuacha, basi ataacha kila kitu kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, samli. Mkewe alicheka. Kesho yake alipomwona anakunywa chai kavu, akaacha kucheka.

Sisi hakutuambia. Tulijua kwa bahati tu, siku Breki aliponunua mayai mawili ya kuchemsha na kumpa Kisu moja. Breki hajawahi kumnunulia mtu yeyote kitu chochote, kwa hiyo lilipokataliwa aliumia mara mbili.

— Kaka, ni yai tu, alisema.

— Sili mayai.

— Tangu lini?

— Tangu nilipoacha nyama.

Mama Birika alisahau kwamba anamimina, kahawa ikafurika kwenye kikombe cha Kamusi mpaka mapajani. Kamusi hata hakulalamika. Kisu akatueleza mambo ya kliniki kwa ufupi, kwa aibu kidogo, kama mtu anayesimulia ndoto. Kisha mteja akaita, akaingia ndani, nasi tukabaki na mzigo ule mikononi.

Tungeweza kuamini alichotuambia. Lakini benchi halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

— Kuna kitu amekiona, alisema Breki. Siku dereva akikataa kupanda gari lake mwenyewe, abiria hawaulizi, wanashuka.

— Ni mwanamke, alisema Kamusi. Mwanamume wa umri ule haanzi kupunguza tumbo bila kuwa na mtu wa kumwonyesha.

— Mke wake je?

— Mke wake ameshaliona.

Kesho yake Breki alikuja na habari mpya. Alidai Kisu alikuwa machinjioni alfajiri, dume moja jeusi likamgeukia na kumwita kwa jina lake la utotoni. Kamusi akataka kujua dume liliita kwa lugha gani. Breki akajibu kwamba hakuwepo, na kwamba watu makini hawashiki mambo madogo madogo. Kamusi naye, asije akaonekana amepitwa, akatoa maelezo ya kisayansi: siku hizi ng'ombe hudungwa sindano za kuvimbisha, anayekula nyama yao naye huvimba, na ndiyo sababu Kisu alikuwa vile alivyokuwa. Aliposema hivyo palikuwa na wanawake wawili wanasubiri chenji kwa Mama Birika. Waliondoka bila kuaga.

Kichekesho ni kwamba badala ya kupungua, Kisu alizidi kunenepa. Alikuwa ameacha kila cha mnyama, kweli, lakini chipsi hazina mnyama. Soda haina mnyama. Mkate uliopakwa jamu pande zote mbili hauna mnyama, na biskuti za kwenye pakiti nyekundu alizichunguza maandishi yake kwa miwani ya Kamusi, akakuta nazo ni salama. Alikula kwa moyo safi. Vifungo vya shati vikaanza kuachana na matundu yake, na Breki hakuiacha nafasi hiyo ipite.

— Ng'ombe mwenyewe hajala nyama tangu azaliwe, alimwambia. Umemwona kiuno chake?

Aliporudi kliniki walimpeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mwenye sauti ya chini, ambaye alimwomba ataje kila alichokula jana yake. Kisu alitaja vyote kwa fahari. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho.

— Kaka yangu, alimwambia, hujala mnyama. Lakini na chakula pia hujala.

Akamwelekeza upya. Maharage, dengu, kunde, mboga za majani nusu sahani, viazi vitamu badala ya chipsi, karanga kidogo tu za kiganjani, mafuta ya kupimwa kwa kijiko na si kwa kumimina. Maji badala ya soda. Maharage ayafuatishie chungwa, ili madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Kuna vitamini moja, B12, ambayo mimea haina, hiyo lazima aimeze kwa kidonge, asije akajikuta vidole vinakufa ganzi. Na dawa za presha asithubutu kuziacha kwa sababu tu ameanza kujisikia vizuri.

Safari hii mambo yalikwenda. Aliacha kupanda pikipiki kwenda machinjioni, akawa anatembea. Mwanzoni alifika akihema, watu wakimpisha kiti. Polepole akaanza kufika na pumzi zake. Suruali ikaanza kumshuka, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Alilala bila kukoroma, na mkewe alimwambia Mama Birika kwamba usiku wa kwanza wa kimya alimtikisa akidhani amekufa.

Lakini mtaa una akili zake. Alipokuwa mnene walicheka, alipopungua wakaogopa. Yale ya sindano yalikuwa yameshafika mpaka bombani, yakachanganyika na yale ya dume jeusi, na sasa watu wakamtazama shingo iliyopwaya na mashavu yaliyoingia ndani wakasema nyama yake ndiyo iliyomtafuna. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda bucha ya kule kwenye kona. Wengine walipita mbele ya dirisha la Kisu wakijifanya wanaongea na simu. Jioni nyama ilibaki ikining'inia. Mkewe akawa anaigawa kwa jirani zake kabla haijaharibika, na baadhi ya jirani, wakishaipokea kwa shukrani, waliwapa mbwa.

Kisu aliendelea kukaa nasi benchini, ila sasa hatukuwa tunalisikia shoka. Siku moja alituuliza kama tunajua ni kitu gani kinawakimbiza watu. Kamusi alisema ni uchumi.

Ni Breki aliyeleta dawa. Alisema Jumamosi, watu wanapokuwa wengi, Kisu asimame mbele ya bucha yake na kula kipande cha nyama, watu wote wamwone. Kipande kimoja, basi, na biashara itarudi. Kisu akakataa. Lakini Kamusi alilifikisha wazo kwa mke wa Kisu, shemeji yetu, naye alikuwa mtu mwenye watoto shuleni na nyama inayooza. Akalikubali.

Jumamosi ilipofika, mtaa mzima ulikuwa pale. Wengine walikuja na viti vyao. Shemeji alitoka buchani na sahani, juu yake mbavu moja imechomwa vizuri, mafuta yanametameta, moshi unanukia mpaka upande wa pili wa barabara. Kisu alikuwa amesimama mlangoni, aproni imemzunguka karibu mara mbili. Kwa miezi mingi alikuwa ameikata nyama ile kwa mikono yake bila kulamba kidole, na sasa ilikuwa inaletwa na mtu anayempenda.

— Kula kimoja tu, shemeji alimwambia kwa sauti ya chini. Kimoja, mume wangu, halafu basi.

Kisu aliitazama sahani.

— Mke wangu, alisema, mimi kimoja sikijui.

Shemeji alimwelewa. Niliona jinsi uso wake ulivyolegea. Lakini sahani alishaitoa, na watu walikuwa wanangoja, na mtu wa nyuma akaanza kunong'ona kwamba mnaona sasa, anaiogopa. Mkono wa Kisu ukaanza kunyanyuka.

Hapo akajipenyeza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Alikuwa amehamia nyumba ya nyuma wiki ile, hatumjui, naye hatujui. Alikuja kununua nyama, akakuta mkutano. Akamuuliza Breki kuna nini, na Breki kwa unyenyekevu wa shahidi akamweleza yote: kuanguka, kliniki, daktari, kuacha, wateja kukimbia, na kwamba sasa jamaa anatakiwa ale ili watu wajue nyama ni nzima. Yule mama alisikiliza huku anambembeleza mtoto.

— Huyu amekatazwa na daktari, alisema. Ninyi hamjakatazwa. Mbona hamuili ninyi?

Breki alitazama barabara kana kwamba lori lake lilikuwa linarudi lenyewe. Kamusi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikumbuka simu ya mteja na nikaanza kuifungua, ingawa ilikuwa nzima. Yule mama aliendelea kutuangalia, si kwa ubaya, alikuwa anasubiri jibu kweli. Breki akanyoosha kikombe kwa Mama Birika, apate kitu cha kufanya na mdomo.

— Kahawa imeisha, alisema Mama Birika, huku birika likitoa moshi.

Yule mama alipoona jibu haliji, aliichukua mbavu kwenye sahani, akaing'ata, akatafuna taratibu mbele ya mtaa mzima.

— Chumvi imezidi kidogo, alimwambia shemeji. Nipimie kilo, isiyo na mfupa.

Shemeji aliingia ndani. Tukasikia shoka. Mwanamke mmoja kati ya wale wawili wa chenji alijikohoza, akasogea dirishani nyuma ya yule mama, akasema naye anataka nusu. Baada yake akaja mwingine. Hakuna aliyetangaza kwamba amebadili mawazo. Walijipanga tu, kama watu ambao siku zote walikuwa kwenye foleni hiyo.

Wateja hawakurudi wote. Kuna waliozoea kule kwenye kona. Lakini nyama haibaki tena jioni, na siku hizi anayesimama dirishani ni shemeji, anauza na kuonja yeye, Kisu anakata na kubeba. Daktari amempunguzia dawa za presha, hajamwondolea. Mwembamba hajawa. Ana mwili wa mtu mkubwa anayetembea, na akitundika paja ndoanoni anapiga mluzi.

Jumamosi ile ile mchana, umati ulipokwisha, alitoka na bakuli lake akakaa kati yetu. Lilikuwa na maharage na mboga, na vitunguu vya kukaanga kidogo juu. Breki alivumilia. Kisha akainamia bakuli, akavuta pumzi ndefu.

— Hayo maharage umeyatia nini?

Kisu alilihamishia bakuli goti la pili.

— Kapike yako, alisema, akaendelea kula.