Wafuga Nyigu na Bomba la Shamba la Barabarani

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, majirani wakulima, na nyote mlioketi na mliosimama kwa uhaba wa viti: tunawasalimu kwa moyo mweupe.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa chumba cha wadudu, katika kituo hiki cha utafiti wa mazao, tunakukaribisha sana. Jisikie nyumbani, ila ukija chumbani kwetu fungua mlango wa kwanza, uufunge, ndipo ufungue wa pili. Hata mama zetu wazazi hatuwaruhusu kuacha mlango wazi.

Risala nyingi huficha ombi mpaka mwisho. Sisi tunalitoa mapema ili ulisikilize ukiwa bado hujachoka. Ratiba ikifika pale palipoandikwa kwamba utazindua unyunyiziaji wa dawa shamba la barabarani, tunakuomba usiliguse bomba. Sababu tunayo, tuvumilie kidogo.

TULIKOTOKA

Chumba chetu kilianzishwa na mtaalamu wa wadudu, mama ambaye hapa kila mtu humwita Daktari wa Nyigu. Alipotoka masomoni, watu walitarajia ataleta dawa kali. Akaleta maboksi, vyandarua na chupa ya asali. Kutwa alikuwa akikata vipande vya mabua na kuwalisha viwavi, walewale wanaotoboa mahindi yetu. Jirani yetu Baba Pacha, ambaye shamba lake limepakana na ukuta wa kituo, alichungulia dirishani akashika kiuno.

"Mama wee! Sisi tunalia njaa kwa ajili ya hao, wewe unawalisha?"

"Nafuga mwizi nimlishe askari, Baba Pacha."

"Haya, na huyo askari akimmaliza mwizi atakula nini? Si ataniingilia mimi?"

Tulicheka, tusifiche. Hata sisi tulioajiriwa kuosha maboksi tulimwona mama huyu ana lake jambo. Kumbe askari ni nyigu mweusi, mdogo kama sisimizi, wala haumi mtu. Huingia kwenye tundu la bua, akamchoma kiwavi na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Watoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka nje na kujisokotea vifuko vyeupe, na humo ndimo wanamokua mpaka waote mabawa.

Vifuko hivyo viliwahi kututoa machozi. Msimu wa kwanza tulipowaachia nyigu mashambani, Baba Pacha alikuja mbio na kopo mkononi, uso umemchanua.

"Daktari, nipongeze! Nimepasua mabua, nimeyakuta mayai ya adui, nimeyaponda yote!"

Daktari akatazama ndani ya kopo. Hakufoka. Alikaa chini palepale vumbini, na Baba Pacha, maskini, akakaa naye bila kujua kosa lake. Alipoelezwa alilia kama mfiwa. Lakini kuteleza si kuanguka. Tangu hapo yeye ndiye mwalimu wetu mashambani, na ole wake atakayeponda kitu cheupe kabla Baba Pacha hajakiona.

TUNAYOJIVUNIA

Chema chajiuza, kwa hiyo hatutasema mengi. Pita mashamba ya majirani, pasua bua lolote, ujionee. Viwavi hawajaisha, na hawataisha, tusidanganyane. Wamepungua kiasi kwamba mkulima anakula na cha kuuza kinabaki. Wala dawa hatuipigi vita. Kuna siku inahitajika, na Daktari mwenyewe huwaelekeza wakulima namna ya kuitumia. Tatizo lake haichagui. Inamuua mwizi, inamuua askari, na mpita njia naye hasalimiki.

Kazi hii imetufunza subira pia. Mdudu hafokewi akakua upesi. Unakaa mbele ya boksi, unatazama, unangoja, na kwa kungoja huko unajifunza kwamba si kila unachokiona kimetulia kimekufa. Baadhi yetu tumepunguza hata hasira majumbani, wake na waume zetu ni mashahidi.

KINACHOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, kamati ya mapokezi ilitaka upate kazi ya mikono, usiishie kukata utepe. Ikatafuta shamba lililostawi kuliko yote, tena karibu na njia ili viatu vyako visiingie matope. Nia ilikuwa njema kabisa. Daktari hakuulizwa, kwa kuwa alikuwa amejifungia na nyigu, na mlango ule haugongwi ovyo. Shamba walilolichagua ni lake la majaribio, na humo ndimo alimowaachia nyigu wetu wiki hii.

Chumbani hakuna akiba. Ukungu wa kuvu uliingia maboksini ukaua vizazi vyote vya nyigu, Daktari akaokoa kimoja tu, hicho alichokiachia shambani. Hao wakipigwa dawa leo, hatuna wa kuanzia tena, na kazi yote ya mama huyu imekwisha.

Tulipomweleza mwenyekiti asubuhi, alishika kichwa. "Jamani, ratiba imeshachapwa! Nitamwambia nini mgeni?" Tukamjibu asihangaike, tutasema wenyewe.

OMBI LETU

Ombi umekwisha kulisikia. Badala ya bomba tumekuandalia kioo cha kukuzia na bua lililopasuliwa. Wapiga picha watapata picha nzuri vilevile.

Na kuna jambo la mwisho, tunalisema kwa unyenyekevu. Daktari hayupo hapa jukwaani. Tulimsihi aje aketi karibu nawe. Akatujibu, "Nendeni mkasome risala. Mimi nabaki na wanangu." Yuko shambani, amesimama katikati ya mahindi tangu bomba lilipojazwa dawa. Usimwone mkaidi, mgeni rasmi. Anaogopa, na sisi tunaogopa pamoja naye. Tukishakukabidhi karatasi hii tutavuka barabara, sisi na Baba Pacha, tukasimame naye. Hatukuzibii njia. Tutakungoja hukohuko, na nafasi yako katikati yetu tutaiacha wazi.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, akuongoze katika kila unaloamua, kubwa na dogo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Wadudu