Ida Stefano Lupakisyo, Mtoto wa Kambi Namba Tatu

Marehemu Ida Stefano Lupakisyo alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika Kambi Namba Tatu ya shamba la mkonge, upande wa Kimamba, wilayani Kilosa. Alikuwa mtoto pekee wa Mzee Stefano Lupakisyo, mkata mkonge aliyetoka Rungwe kutafuta kazi, na Bibi Tumwagile.

Alipokuwa na miaka mitatu, mama yake aliugua kifua kikuu akapelekwa hospitali Morogoro, akakaa huko miezi tisa. Mzee Stefano alikuwa akiingia shambani kabla ya jua kuchomoza. Jirani wa mlango wa pili, Bi Somoe Nangomwa, ambaye mumewe alikuja mkongeni kutoka Lindi, alimchukua mtoto bila kuombwa na mtu, akamlaza mkeka mmoja na mwanawe Yassin aliyemzidi mwaka mmoja. Bibi Tumwagile aliporudi amepona, alimkuta bintiye amenenepa na anaongea Kimwera. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Ida akawa na nyumba mbili. Bi Somoe alimwita Idi kwa utani, akamshonea gauni jipya kila sikukuu ya Idi, na Bibi Tumwagile naye hakukubali Krismasi ipite Yassin hana kaptula mpya.

Watoto na wajukuu wake waliijua kambi hiyo kwa kusimuliwa tu. Waliambiwa habari za bomba moja la maji lililohudumia milango arobaini. Kombolela mpaka sauti ya mama mmoja, yeyote yule, iwaite wote kuoga. Mipira iliyosokotwa kwa makapi ya mkonge. Gari la sinema lililokuja mara moja kwa mwaka na kuwasha picha ukutani mwa ghala, watoto wa mbele wakikimbia treni isiwakanyage. Hakuwaficha kwamba kulikuwa na funza na kwamba Februari ilikuwa ya njaa. Lakini alisema mtoto akianguka akalia, mlango uliokuwa karibu ndio uliofunguka, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa kabila gani. Wanawe walipokuwa wakubwa walizoea kumtania, "Mama, hiyo kambi yako si ulikuwa unaiota?" Naye alikuwa akijibu, "Mngekuwepo, msingeuliza."

Mwaka 1962 alianza darasa la kwanza katika shule ya shambani pamoja na Yassin. Ida alijua hesabu, Yassin alijua kuchora ramani, na muda si mrefu kila mmoja akawa anafanya kazi ya mwenzake. Siku mwalimu aliposhika daftari mbili na kuuliza nani kaandika nini, walisimama wote wawili kwa pamoja. Kila mmoja alipata fimbo mbili, na marehemu alisema za Yassin zilimuuma kuliko zake. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968, akaajiriwa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge.

Januari 1971 Yassin alipata kazi ya utingo wa lori. Alikuwa ameahidi kutoondoka kabla ya mavuno, na Ida alikasirika. Asubuhi ya safari alijifungia jikoni kwa Bi Somoe, akakataa kutoka kumuaga. Akiwa humo gizani alisikia lori likiwaka na kuondoka. Alikimbilia nje, akakuta vumbi.

Mwaka uliofuata shamba lilianza kupunguza watu. Bi Somoe na mumewe walirudi Lindi, na mwaka 1973 Mzee Stefano akaihamishia familia yake Mikumi. Barua zilizoandikwa kwa sanduku la posta la shamba hazikufika kwa mtu.

Huko Mikumi marehemu alikutana na Bwana Timotheo Madole, fundi seremala kutoka milimani, mtu wa maneno machache. Walifunga ndoa takatifu katika Kanisa Anglikana, Kilosa, tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1979 marehemu alianza kupikia wasafiri na madereva kando ya barabara kuu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Wali na maharage yake vilijulikana na madereva wengi, na vilevile swali lake: "Unamjua utingo anaitwa Yassin Nangomwa? Ana kovu juu ya jicho la kushoto." Bwana Timotheo hakumzuia kuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa akiuliza kule kwenye mbao.

Mwaka 1988 dereva mmoja alimjibu kwamba ndiyo, Yassin utingo alikuwepo, akafa lori lilipopinduka Mlima Kitonga. Siku ile marehemu alifunga jiko mchana. Kwa siku tatu hakupika. Siku ya nne alikwenda kwa sheikh wa Mikumi, akiwa Mkristo na khanga yake begani, akamwomba amsomee kaka yake hitma, na akapika pilau ya msikiti mzima kwa mkono wake. Toka hapo hakuuliza dereva tena. Lakini wanawe walimsikia, miaka na miaka, akiongea peke yake, mwiko mkononi, "Hata kumuaga sikumuaga."

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2021, binti yake mkubwa, Goodhope, alisimama Dumila kununua vitunguu. Mzee aliyekuwa akiuza alimtazama sana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwanangu, mwanya huo umeutoa kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama yako nani?"

"Ida, wa Mikumi. Ida Stefano."

Mzee aliweka chini kisado cha vitunguu. "Stefano Mnyakyusa? Wa Kambi Namba Tatu?"

Goodhope alitazama juu ya jicho la kushoto la yule mzee, akaona kovu. Alisimulia baadaye kwamba alijikuta amekaa juu ya gunia la vitunguu la watu. Yassin alikuwa ameacha lori baada ya mwaka mmoja tu. Mwaka 1975 alirudi kambini, akakuta nyumba zimebomolewa, akaambiwa Wanyakyusa wote wamerudi kwao Rungwe. Alijenga nyumba za watu Dodoma, kisha akatua Dumila, akaoa na kuzeekea hapo, na maisha yake yote hakuwahi kuifuata barabara ya Mikumi. Aliyefia Kitonga alikuwa Yassin mwingine, Mungu amrehemu.

Siku iliyofuata, Jumapili, Mzee Yassin alifika Mikumi. Marehemu hakwenda ibadani siku ile, akakaa barazani tangu alfajiri. Alipomwona akishuka kwenye bodaboda hakumkimbilia. Alisimama, akamshika mikono yote miwili, akasema jambo alilokuwa amelibeba kwa miaka hamsini.

"Kaka, nisamehe. Siku ile unaondoka sikukuaga. Nilikuwa jikoni, nilijifungia makusudi."

Mzee Yassin alifikiri. "Hukuniaga? Mimi mama aliniambia umekwenda bombani kuchota maji. Nikasema, basi, utamsalimia."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike kwa ndoo ya maji?"

Marehemu alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akamwambia kwamba alishamsomeshea hitma. Mzee Yassin aliuliza kama pilau ilitosha watu. Alipoambiwa ilibaki, alisema, "Alhamdulillahi, sikukuaibisha."

Tangu hapo haukupita mwezi bila mmoja kumtembelea mwenzake. Mwaka 2022 waliwachukua wajukuu, Brightness na Innocent, wakaenda kuitafuta kambi. Palikuwa na msingi wa tangi la maji, mikonge iliyojiotea na mbuzi wa watu. Wazee wale wawili walibishana saa nzima bomba lilikuwa upande gani, wakaoneshana kila mlango na jina la mwenyewe. Brightness alimwuliza bibi yake kama anasikitika kuona hamna kitu. Akajibu, "Nasikitikia nini? Nilidhani nimebaki peke yangu ninayekumbuka. Sasa tuko wawili, na ninyi mmefika." Aliporudi nyumbani alilala usingizi mzito kama mtoto.

Bwana Timotheo alitangulia mbele za haki mwaka 2014. Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa Morogoro, kisha akauguzwa nyumbani kwa Goodhope, Mabwerebwere. Familia ilijiandaa kwa mateso makubwa, kwa kuwa madaktari walikuwa wamesema hivyo. Hayakuja. Pumzi ilimpungukia, lakini hamu ya mazungumzo haikupungua. Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alikunywa uji nusu kikombe, akaomba ageuziwe upande wa dirishani, akafumba macho. Goodhope alidhani amesinzia. Familia inawashukuru wauguzi, majirani wa Mabwerebwere, na waumini wa kanisa na msikiti wa Mikumi waliofika kwa wingi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Goodhope, Boniface na Happyness, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Wiki mbili kabla ya kufariki alimwita Goodhope akamwagiza: "Kwenye karatasi ya msiba wangu msije mkaandika 'rafiki wa familia'. Andikeni ukweli." Kwa hiyo familia inaandika: ameacha pia kaka mmoja, Mzee Yassin Nangomwa wa Dumila, ambaye yupo hapa mstari wa mbele, na ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kaburini.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Ida mahali pema, kwa amani aliyoipata angali hai.