Historia ya Marehemu Orrin Gaudette, Fundi Breki wa Kilima cha Pike

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Orrin Delphis Gaudette, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1951 hapa hapa Kilima cha Pike, Vermont, kwa mikono ya shangazi yake, kwa sababu daktari alikuwa amenasa kwenye matope chini ya kilima, na alipofika mtoto alikuwa ameshanyonya na kulala.

Aliingia shule ya kijiji mwaka 1957, akaiacha mwaka 1967, yeye na shule wakiwa wamechokana kwa heshima, akaenda gereji ya mjomba wake, ambayo aliirithi mwaka 1978. Tarehe 11 Oktoba 1975 alifunga ndoa na Verna Leavitt, wakajaliwa mtoto mmoja, Corinne, aliyezaliwa Februari 1977, ambaye tangu 1996 amefanya kazi bega kwa bega na baba yake.

Kila theluji ilipoyeyuka na barabara zetu kugeuka uji, magari yote ya kilimani yalipelekwa kwake, maana tope likikaukia ndani ya breki hula pedi, hugandisha pini, na siku moja mtu hukanyaga akakuta mguu unazama tu. Orrin hakumruhusu mtu kuteremka hivyo, hata mchungaji wetu aliambiwa naye mbele ya watu, "Mchungaji, gari lako limekula barabara nzima, liache litapike kwanza, Mungu ana kazi nyingine za kufanya."

Lakini kuosha ni kazi ya nusu siku, na foleni ilikuwa ndefu, foleni yetu sisi, tukipiga honi, basi akawa analiacha tope likauke, anafungua ngoma ya breki, analipuliza kwa upepo wa kompresa, na pamoja na tope linatoka vumbi la asbesto la viatu vya breki vya zamani. Mwaka 1988 wakubwa wa serikali walileta bango la kuonya kwamba vumbi hilo huua mapafu, wakaagiza libandikwe mahali panapoonekana, naye akalibandika, na mkaguzi akawa anakuja kila mwaka kuthibitisha kwamba limebandikwa, kulisoma hakukuagizwa.

Kikohozi kilianza Novemba 2016, na Machi 2018 madaktari wakakuta saratani kwenye utando wa mapafu. Siku moja, akiwa kitandani, alisikia kompresa ikinguruma gerejini, akamwita bintiye dirishani.

"Corinne, weka chini huo mpira wa upepo. Shika ndoo."

"Baba, watu wanasubiri."

"Wasubiri, mwanangu. Mimi niliharakisha, nione nilivyo."

Alifariki tarehe 16 Januari 2019, nyumbani, na kwa desturi yetu akangoja kwenye chumba cha mawe cha kuhifadhia maiti mpaka ardhi iliyoganda kwa baridi ilipolegea, leo tarehe 27 Aprili. Corinne amepimwa, mapafu yake ni safi kwa sasa, na hilo "kwa sasa" daktari alilisema mara mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani mliobeba jeneza begani baada ya gari la maiti kukwama. Kwa kuwa nasi tumepanda kwa tope lile lile, Corinne atakuwa langoni mwa makaburi na ndoo na mpira wa maji, na hakuna atakayeteremka kabla breki zake hazijaoshwa, kisha mwende polepole mkizigusagusa mpaka zikauke. Itachukua muda mrefu. Tafadhali, asipige mtu honi.

Pumzika kwa amani, Orrin, mahali pasipo na vumbi.